Stima Baada ya Dhoruba: Inavyorudi na Inapokwama

Chepilat, kama kwingine katika ukanda wa chai wa Bomet na Kericho, hupigwa na dhoruba nyingi wakati wa alasiri. Upepo unaotoka upande wa Ziwa Viktoria hukutana na ule wa mashariki juu ya nyanda za juu, mawingu hupanda haraka, na ikifika saa tisa au saa kumi mvua, radi na mara nyingi mawe huanza. Wataalamu wa hali ya hewa huzitaja Kericho na Nandi miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Mkulima huanza kwa kukagua majani chai yaliyochanika. Hasara nyingine huonekana giza likiingia: stima imepotea, maziwa ya jioni hayawezi kupozwa, simu zinaishiwa chaji, na kinyozi pale sokoni amefunga mapema.

Swali linalosikika zaidi siku inayofuata ni moja: mbona jirani ana stima na sisi hatuna? Wengi hudhani ni upendeleo. Jibu liko katika njia ambayo umeme hupitia hadi nyumbani, na anayeijua njia hiyo hujua pia ni nani wa kuita na ni kitu gani hapaswi kukigusa.

Umeme hutoka katika kituo cha kugawa umeme kwa laini kubwa za volti 33,000 au 11,000. Laini hizo hufika kwenye transfoma, ile iliyo juu ya nguzo karibu na soko, shule au kituo cha kununulia majani chai. Transfoma huushusha umeme, kisha hutoka nyaya tatu zenye moto, zinazoitwa fezi, pamoja na waya mmoja wa kurudishia unaoitwa nyutro. Kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 415. Nyumba ya kawaida huunganishwa kwa fezi moja na nyutro, na hupata volti 240. Nyumba mbili zinazopakana kwa ua mmoja zinaweza kuwa kwenye fezi tofauti. Fyuzi ya fezi moja ikikatika pale kwenye transfoma, takriban theluthi moja ya kijiji hubaki gizani huku wengine wakitazama taarifa ya habari.

Ndiyo maana giza la dhoruba halifanani na lile la tarehe 25 Agosti 2023, wakati karibu nchi nzima ilikosa umeme. Siku ile hitilafu ilikuwa juu kabisa, katika mtandao wa taifa. Dhoruba huacha majeraha madogo mengi: tawi hapa, nguzo iliyolala kule, fyuzi tatu katika vijiji vitatu. Mafundi huanza na laini kubwa kwa sababu kuitengeneza hurudishia maelfu ya watu stima kwa pamoja, tena transfoma haiwezi kupata umeme kama laini inayoilisha imekufa. Baadaye hushughulikia transfoma, halafu nyaya za vijijini, na mwisho waya wa nyumba moja moja. Boma lililo mwisho wa laini ndefu husubiri zaidi kuliko duka lililo kando ya barabara kuu ya Sotik na Kisii.

Kabla ya kupiga simu, mwenye nyumba atazame mambo mawili. Je, majirani wana stima? Wakiwa nayo, je, swichi kuu ndani ya nyumba imeruka? Ikiwa imeruka, airudishe mara moja tu. Ikiruka tena, kuna hitilafu ndani ya nyumba, pengine maji yameingia kwenye soketi au taa ya nje, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi nchini. Lakini ikiwa tatizo ni kutoka kwenye mita kuelekea nguzoni, hakuna anayeruhusiwa kugusa ila Kenya Power. Wenye mita za tokeni wasiwe na hofu: salio lililokuwa ndani ya mita halipotei stima ikikatika.

Ripoti hutolewa kwa kupiga 97771 au kwa kubonyeza *977#, na nambari ya mita au ya akaunti ndiyo inayosaidia zaidi. Kila boma liripoti lenyewe, hata kama jirani amekwisha kupiga. Ripoti moja huonekana kama tatizo la nyumba moja. Ripoti kumi kutoka transfoma moja humwonyesha mhudumu kwamba transfoma yenyewe ina shida. Chepilat iko mpakani mwa Bomet na Nyamira, na nyaya hazijui mipaka ya kaunti. Kwa hiyo mkazi ataje shule, kanisa au kituo cha chai kilicho karibu naye, badala ya kusema tu "Chepilat".

Saa za hatari kubwa ni zile zinazofuata dhoruba, mvua ikiwa imetulia na watu wametoka kutazama uharibifu. Waya ulioanguka unaweza kulala kimya kwenye majani chai bila cheche wala mlio, na bado ukawa na moto. Hata ukiwa umekufa kweli, unaweza kufufuka. Wengi wamewahi kuona stima ikizima na kuwaka mara mbili au tatu, kisha ikatoweka kabisa. Mara nyingi hiyo ni swichi ya laini kubwa inayojaribu yenyewe kurudisha umeme, ikitumaini kwamba tawi lililogusa waya limekwisha kuanguka. Fundi naye anaweza kuirudisha laini kutoka mbali bila kujua kwamba kipande chake kimelala shambani kwa mtu.

Watu wakae angalau mita 10 kutoka kwenye waya huo, na pia kutoka kwenye ua wa seng'enge au bwawa la maji linaougusa. Mtu mmoja asimame mahali salama awazuie watoto huku mwingine akipiga simu. Umeme unaoingia ardhini husambaa na kupungua kadiri unavyokwenda mbali, hivyo miguu miwili iliyoachana husimama kwenye nguvu mbili tofauti, na tofauti hiyo hupita mwilini. Ng'ombe yuko hatarini kuliko mtu kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Ng'ombe akianguka malishoni baada ya dhoruba, mwenyewe hukimbia kumwinua, na hapo ndipo boma hupoteza zaidi ya ng'ombe. Aliyejikuta karibu na waya aondoke kwa vihatua vidogo vya kuburura miguu, nyayo zikigusana. Aliye ndani ya gari lililoangukiwa na waya abaki humo hadi mafundi wafike, isipokuwa gari likianza kuwaka moto.

Jenereta nayo ina hatari yake. Wapo wanaoiunganisha kwa kuchomeka waya kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Transfoma, hata hivyo, hufanya kazi pande zote mbili. Volti 240 zinazotoka nyumbani zikirudi nyuma hadi kwenye transfoma huweza kupandishwa kuwa volti 11,000 kwenye laini ambayo fundi aliye juu ya nguzo anaamini imezimwa. Vifaa vichomekwe moja kwa moja kwenye jenereta, au mwenye nyumba awekewe na fundi mwenye leseni swichi ya kubadilishia, ile inayotenga nyumba na laini kabla ya jenereta kuanza kulisha. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake huua waliolala.

Stima ikikatika, friji, televisheni na chaja zichomolewe, na taa moja iachwe ikiwa imewashwa. Taa hiyo ndiyo itakayotoa habari. Ikiwaka kwa mwanga wake wa kawaida na kutulia kwa dakika kumi hivi, vifaa virudishwe kimoja kimoja. Ikiwaka kwa mwanga mkali kupita kawaida, au ikififia na kung'aa kila kifaa kingine kinapowashwa, swichi kuu izimwe papo hapo. Huenda nyutro imekatika, na hapo nyumba inaweza kupata volti zinazokaribia 415 badala ya 240. Friji haimalizi dakika nyingi katika hali hiyo. Hili pia huripotiwa kwa 97771 kama dharura, ingawa kwa macho stima "imerudi".

Kuhusu miti, eneo hili lina kisa chake. Mikaratusi hupandwa kwa wingi kwa ajili ya kuni za viwanda vya chai, na nguzo nyingi za stima nchini hutokana na mikaratusi hiyo hiyo. Mti unaoishikilia laini na mti unaoiangusha mara nyingi ni ndugu. Mwenye shamba asijaribu kuukata mti uliokwisha kuegemea waya, hata stima ikiwa imepotea kijiji kizima. Aripoti na kusubiri. Mche mpya apande mbali na laini, kwa kipimo kinachozidi urefu utakaofikiwa na mti ukikomaa.

Serikali ya kaunti haitengenezi laini za Kenya Power. Chini ya Katiba, kaunti ina jukumu la zimamoto na kukabiliana na majanga, hivyo nyumba iliyoezuliwa paa au barabara iliyozibwa na mti huripotiwa katika ofisi ya wadi. Lalamiko kuhusu huduma ya umeme huanzia kwa Kenya Power, nalo lisiposhughulikiwa hupelekwa EPRA. Mlalamikaji aandike tarehe na saa stima ilipokatika na iliporudi, atunze nambari aliyopewa aliporipoti, na vifaa vilivyoungua avipige picha kabla ya kuvipeleka kwa fundi.