SELIMUNDU: HERUFI MBILI ZILIZOMNYIMA MAMA USINGIZI
Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Chama chetu hupenda maneno, kwa hivyo nitaanza na neno. Selimundu ni "seli" na "mundu", yaani kile chombo kilichopinda cha kukatia nyasi. Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa hupinda mfano wa mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu. Tena hunasa katika mishipa midogo, ndipo mgonjwa hupatwa na maumivu makali ya mifupa na upungufu wa damu. Daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyeandika habari za chembe hizo mwaka wa 1910.

Mwaka jana neno hili liliingia kwetu. Kitindamimba wetu alipimwa damu kwa sababu ya homa, mama akarudi na karatasi iliyoandikwa "AS". Alijua S ni ya selimundu, basi! Chakula hakikupita kooni. Majirani wakatia chumvi: ati mtoto hatafikisha miaka mitano, ati damu mbaya imetoka kwa ukoo wa mama. Baba akanyamaza, na kimya chake kikamuumiza mama zaidi.

Nilichukua daftari la Bayolojia, nikamweleza hivi:

(a) Kila mtu hurithi herufi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama.
(b) AA hana S hata moja. SS ndiye mgonjwa. AS amebeba tu, na kwa kawaida huishi kama wengine.
(c) Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS.
(d) Mzazi mmoja akiwa AS na mwingine AA, hapatikani SS. Nusu ya nafasi ni AS, nusu AA.

"Kwa hivyo mwanangu si mgonjwa?"
"Si mgonjwa, Mama. Amebeba tu."

Tena S haikuenea bure. Mwaka wa 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa hapa Kenya, alionyesha kwamba AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana S ni nyingi kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani, kwenye mbu wengi. Lakini kinga hiyo si kamili; chandarua ni lazima.

Hatimaye wazazi walipimwa. Mama ni AA, baba ni AS. Waliotaja ukoo wa mama hawajaleta habari nyingine!

Wenzangu, sisi ndio wazazi wa kesho. Mimi nami nina nafasi nusu kwa nusu, na likizo ya Agosti nitapimwa. Nanyi ulizeni herufi zenu kabla ya kuchumbiana. Na aliye SS asifichwe ndani: apelekwe kliniki mapema, kwani dawa zipo na wengi husoma wakahitimu. Tahadhari kabla ya hatari.