Bei ya Mti Uliosimama

Mti ambao haujakatwa tayari una bei. Bei hiyo ndiyo fungu la mwenye msitu, awe mkulima, kijiji au Serikali. Nchini Tanzania fungu hilo hutofautiana sana baina ya aina moja ya mti na nyingine, na baina ya mkoa mmoja na mwingine. Sababu zake zaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi.

Aina ya mti

Mpingo hukua polepole mno. Huchukua miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa. Ubao wake ni mzito hata huzama majini, nao hutumika kwa vinyago na kwa ala za muziki kama klarineti. Mninga haupindi upesi wala hauharibiwi kwa urahisi na mchwa, na kwa hiyo hupendwa na maseremala wa samani. Mtiki, uliopandwa Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro, una mafuta ya asili yanayoukinga. Msindano wa Sao Hill, wilayani Mufindi, hukua upesi, lakini mbao zake ni laini na huhitaji kutiwa dawa. Kwa hiyo meta moja ya ujazo ya msindano huuzwa kwa bei ndogo kuliko ya miti hiyo mingine.

Umbali wa soko

Bei ya mti uliosimama ni kile kinachobaki baada ya gharama zote kutolewa katika thamani ya mbao mjini. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba meta moja ya ujazo ya mbao huuzwa shilingi 600,000, na kwamba gogo likipasuliwa hutoa mbao asilimia 40. Meta moja ya gogo basi huleta shilingi 240,000. Gharama ni hizi:

Kukata na kuburura: 30,000
Kupasua: 50,000
Usafiri: 70,000
Faida ya mfanyabiashara: 40,000

Jumla ni shilingi 190,000, na kinachobaki ni 50,000. Barabara ikitengenezwa na usafiri ukashuka hadi 40,000, kinachobaki huwa 80,000. Thamani ya mti imepanda kwa asilimia 60, ingawa mti wenyewe haukuongezeka hata unene wa kidole.

Hata hivyo, ongezeko hilo halimfikii mwenye msitu asiyelijua. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 kuvuka mto Rufiji, njia ya magogo kutoka kusini ilirahisika, na uvunaji ukaongezeka sana. Uchunguzi wa shirika la TRAFFIC uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kuwa hadi asilimia 96 ya mrabaha uliostahili haukukusanywa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuwa imekwisha kuviwezesha vijiji kutenga misitu yao na kunufaika nayo. Lakini haki hiyo huhitaji pia ujuzi wa kupima.

Kupima ujazo

Kipenyo hupimwa meta 1.3 kutoka ardhini. Eneo la duara lake huzidishwa kwa urefu wa mti, kisha kwa kigawe cha umbo, kwa kuwa shina hupungua unene kuelekea juu. Kigawe kikiwa 0.5, mti wenye kipenyo cha sentimeta 20 na urefu wa meta 12 una meta 0.19 za ujazo. Mti wa sentimeta 30 na meta 18 una meta 0.64. Wa pili waonekana kuuzidi wa kwanza kwa nusu tu, kumbe una ujazo zaidi ya mara tatu. Mkulima anayeuza misindano yake kwa kuhesabu mashina, au ikiwa bado michanga, humwachia mnunuzi tofauti hiyo yote.

Zoezi

1. Katika mfano wa hapo juu, usafiri ukiwa 70,000, msumeno bora hutoa mbao asilimia 50. Je, bei ya mti uliosimama itakuwa kiasi gani?
2. Pimeni miti mitano karibu na shule kwa utepe, mkakadirie ujazo wa kila mmoja. Je, mti mnene kuliko yote una sehemu gani ya ujazo wote?