Namna ya Kuchunguza Historia ya Mfarishi wa Viraka

Mwaka 1886, kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, jimbo la Georgia huko Marekani, mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith aliona mfarishi ambao hakuwahi kuona mfano wake. Vitambaa vilikuwa vimekatwa maumbo ya watu, wanyama na nyota, vikashonewa juu ya nguo kusimulia Biblia, tangu Adamu na Hawa hadi Yusufu, Maria na mtoto wao. Akamtafuta mshonaji mpaka akampata: Harriet Powers, mwanamke mkulima aliyezaliwa utumwani mwaka 1837. Smith alitaka kuununua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye maisha yalimbana Powers, akaomba dola 10, akapewa 5. Kabla ya kuuacha mikononi mwa Smith, Powers alimweleza maana ya kila picha, na Smith akayaandika maelezo hayo. Leo mfarishi huo umehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Yeyote anayetaka kuchunguza historia ya mifarishi na aanzie hapo. Kilichoufanya mfarishi ule usomeke hadi leo ni kwamba mtu aliuliza, mshonaji akajibu, na jibu likaandikwa akiwa bado hai. Mifarishi mingi mizuri ya zama zile ipo makumbusho bila jina la aliyeishona.

Ukipata mfarishi wa zamani, uwe wa familia yako au wa mtu aliyekukaribisha, usiufue. Nawa mikono, vua pete na bangili, utandaze juu ya shuka safi, na kalamu ya wino ikae mbali, tumia penseli. Piga picha upande wa juu na wa chini, kisha kila pembe. Pima urefu na upana. Hesabu mishono iliyomo ndani ya inchi moja, sehemu kadhaa, kwa sababu mfarishi mmoja huweza kupita mikononi mwa washonaji watatu, na kila mkono una mwendo wake. Angalia kama mshono ni wa mkono au wa cherehani. Cherehani zilianza kuingia majumbani Marekani miaka ya 1850, kwa hiyo mshono wa mashine una mpaka wake wa kale, lakini mshono wa mkono hauthibitishi ukale: wako wanaoshona kwa mkono mpaka leo.

Kanuni kubwa ya kukadiria umri ni hii: mfarishi hauwezi kuwa mkongwe kuliko kitambaa kipya kabisa kilichomo. Kinyume chake si kweli. Mama anaweza kuweka vipande vya gauni miaka 30 kabla ya kuvishona, kwa hiyo kitambaa cha kale hakikupi mwaka wa kazi. Chungulia palipochanika uone kilichojazwa katikati. Kama ni poliesta, kazi hiyo, au angalau ukarabati wake, ni ya baada ya katikati ya karne ya 20. Rangi nazo husema. Baadhi ya kahawia na nyeusi za zamani zilitiwa kwa chumvi za chuma, na chuma hicho hula nyuzi polepole, hata ukakuta ua la kahawia limebaki tundu huku nguo iliyolizunguka ni nzima. Wengine hutumia taa ya urujuanimno, kwa kuwa sabuni za baada ya Vita Kuu ya Pili huacha kemikali inayong'aa. Kipimo hicho kisitumike peke yake, maana mfarishi wa 1870 uliofuliwa juzi utang'aa vilevile.

Hata hivyo, nguo ina mahali inapoishia. Huko Gee's Bend, Alabama, Missouri Pettway alishona mfarishi mwaka 1942 kutokana na nguo za kazi za marehemu mumewe. Mtaalamu wa vitambaa angetambua suruali zilizochakaa magotini na pamba iliyofifia kwa jua, basi. Kwamba alitaka kumkumbuka mume na kujifunika kwa mapenzi yake, hilo tunalijua kwa sababu binti yake Arlonzia alilisimulia. Kazi za wanawake wa kijiji hicho zilipoonyeshwa Houston mwaka 2002, masimulizi ya namna hiyo yalikuwa sehemu ya thamani yake.

Kwa hiyo kaa na wazee, na uulize maswali madogo. Swali la "mfarishi huu una maana gani?" humfanya mzee ajibu kama anayefanya mtihani. Mwulize: "Bibi, kipande hiki cha buluu kilikuwa nguo ya nani?" "Mlishonea wapi, na nani alikuwepo?" "Nani alilala chini yake?" Mwachie nguo mapajani, vidole vikigusa, kumbukumbu hufunguka. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na mwulize kama angependa jina lake litajwe.

Kisha pambanisha simulizi na maandishi: wosia, orodha za mirathi, magazeti ya mji, kumbukumbu za maonyesho ya kilimo, barua. Powers mwenyewe alidhaniwa kwa miaka mingi kuwa hakujua kusoma. Mtafiti Kyra Hicks, katika kitabu chake cha 2009, alionyesha barua ya mwaka 1896 ambamo Powers anaeleza jinsi alivyojifunza kusoma na kutaja mifarishi mingine aliyoishona. Barua moja iligeuza kilichokuwa kikirudiwa vitabuni.

Kupambanisha huko kunahitajika zaidi pale hadithi inapopendeza. Mwaka 1999 kilitoka kitabu kilichodai kwamba watumwa wa Marekani walianika mifarishi yenye alama za siri kuwaelekeza waliokuwa wakitoroka. Habari hiyo ilisambaa mashuleni na bado inafundishwa. Wanahistoria waliopekua masimulizi zaidi ya 2,000 ya watu waliowahi kuwa watumwa, yaliyokusanywa miaka ya 1930, hawakuikuta. Mimi nasimama nao. Watu wale walikuwa majasiri bila sisi kuwaongezea, na kuwasingizia jambo ni kuwanyima heshima ya waliyoyatenda kweli.

Msomaji wa pwani yetu atakutana na jaribu hilohilo akifika Karnataka, India, wanakoishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika. Baadhi ya wahenga wao walipitishwa Goa wakati wa Wareno, wakatorokea misituni. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi: hutandika sari kuukuu chini, huanza pembezoni, na huzunguka kuelekea katikati kwa mishono mirefu inayoonekana waziwazi. Kwenye pembe zake huongezwa vipande vilivyokunjwa pembetatu, tabaka juu ya tabaka, vinavyoitwa maua, na kawandi isiyo nayo huhesabiwa haijakamilika. Msomi Henry Drewal aliifanyia utafiti, na mwaka 2011 ilionyeshwa New York, kwenye kituo cha Schomburg.

Je, ni ufundi uliotoka Afrika? Majirani wao wa Kihindi nao hushona nguo kuukuu kuwa mifarishi, na kufanana si ushahidi. Andika unachokiona, andika wanachosema wenyewe, kisha linganisha na kazi za majirani kabla ya kutamka asili.

Wasioweza kusafiri wanaweza kupitia bure hazina ya mtandaoni iitwayo Quilt Index, inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Michigan State, au mikusanyo ya International Quilt Museum mjini Lincoln, Nebraska, ambayo nayo iko mtandaoni.

Na kama kwenu kuna mfarishi, shuka ya kudarizi au nguo yoyote iliyoshonwa na mama au bibi ambaye bado yu hai, usisubiri. Mwulize wiki hii. Andika jina lake kamili, mahali na mwaka kwenye kipande cha pamba nyeupe, kishonee upande wa nyuma, halafu uihifadhi nguo hiyo ndani ya foronya ya pamba badala ya mfuko wa plastiki.