Ameumia Kazini: Nini Kiandikwe Siku ya Kwanza?

Tarehe 1 Mei tunamkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na siku hiyo hiyo ni sikukuu ya wafanyakazi. Kwa hiyo mwezi huu ukurasa wetu wa afya utaacha kidogo habari za malaria na lishe, tuzungumze juu ya mtu aliyeumia kazini. Namna ya kufunga kidonda tumekwisha kujifunza. Leo tuangalie yale yanayopita kati ya mgonjwa, tajiri wake na daftari la hospitali, maana hapo ndipo wengi hupoteza haki yao hata kabla ganzi haijaisha.

Mgonjwa wa namna hii aghalabu huletwa na gari la kampuni. Msimamizi ni mpole. Analipia kadi, analipia dawa, hata soda ananunua. Hayo ni mema, na wapo matajiri wacha Mungu wanaoendelea hivyo hadi mtu anapona. Lakini zaidi ya mara moja nimevutwa pembeni nikaambiwa, "Sista, andika tu kwamba aliangukia nyumbani." Na mgonjwa mwenyewe, ambaye vidole vyake vimebaki kwenye msumeno wa mashine, anaitikia kwa kichwa, kwa sababu ameahidiwa kwamba akinyamaza kazi yake ipo. Wiki ya tatu gari haliji tena na simu haipokelewi. Kama muuguzi alikubali, kidonda bado kinataka kusafishwa, na faili linasema mtu huyu aliangukia nyumbani.

Hatuandiki hivyo, na sababu ya kwanza ni ya kitabibu. Chanzo cha ajali ni sehemu ya matibabu. Mtu aliyebanwa na kifusi au gogo kwa saa nyingi anaweza kutolewa akiwa anaongea vizuri, kumbe misuli iliyopondwa inamwaga sumu katika damu mara tu inapoachiwa. Figo zinaweza kushindwa kazi, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, ama usitoke kabisa. Huyo anahitaji maji ya mshipani mapema. Aliyevuta moshi au gesi naye anaweza kuonekana mzima mchana na kuzidiwa usiku. Tukidanganywa chanzo, tunamruhusu mtu ambaye tulipaswa kumlaza.

Habari hii ya kifusi ilionekana kwa uchungu mkubwa huko Bangladesh. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, karibu na mji wa Dhaka, liliporomoka likiwa na viwanda vya kushona nguo. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa humo iliwazuia wafanyakazi wake wasirudi, lakini washonaji waliamriwa kuingia. Walikufa zaidi ya watu 1,100, na baadhi ya waliookolewa walikatwa mkono au mguu, wengine humo humo kifusini, ili waweze kutolewa. Wiki moja baadaye, katika Misa ya tarehe 1 Mei, Papa Fransisko alitaja mshahara wa watu wale, kama euro 38 kwa mwezi, akasema huo ni utumwa.

Yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu. Baadhi ya makampuni ya ng'ambo yalikana kwamba nguo zao zilishonwa pale, ikabidi lebo na hati za oda zitafutwe kwenye kifusi. Familia ambazo miili ya ndugu zao haikutambulika zilisubiri vipimo vya vinasaba. Mfuko wa fidia uliosimamiwa kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani ulitimiza dola milioni 30 zilizohitajika mwezi Juni 2015, baada ya miaka miwili, kwa kuwa makampuni yalichangia kwa hiari. Mimi neno hilo "hiari" linanikwaza. Sadaka hutolewa kwa hiari; mkono wa mtu uliokatika kazini ni deni.

Kwetu Tanzania Bara sheria haikuliacha jambo hili katika hiari. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa WCF. Waajiri walianza kuuchangia Julai 2015, na mafao yakaanza kutolewa Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake; hana ruhusa ya kukata senti moja katika mshahara wako kwa ajili hiyo. Mfuko hulipia matibabu, na humlipa asilimia 70 ya mshahara yule ambaye hawezi kufanya kazi kwa muda. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Huhitaji kuthibitisha kwamba tajiri alikosea. Kibarua naye anahesabiwa.

Basi, mwambieni mwajiri mapema, kwa maandishi au mbele ya shahidi. Yeye anapaswa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba, na madai yasipofikishwa ndani ya miezi 12 haki hupotea. Hapo hospitali semeni ukweli: saa, mahali, mashine gani. Kabla ya kuondoka ombeni nakala ya fomu ya ruhusa, mtunze picha za eksirei na risiti zote, hata zile zilizolipwa na kampuni. Asiyejua kusoma asitie dole gumba kwenye karatasi yoyote ya ofisini kabla mtu anayemwamini hajamsomea.

Neno moja kwa kina mama. Baba akifariki kazini, mjane na watoto wana fungu lao, lakini wataulizwa vyeti. Cheti cha ndoa mkikipoteza, daftari la parokia lipo. Kwa watoto, cheti cha ubatizo hakitoshi. Kinachotakiwa ni cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA, na hicho fuatilieni sasa, baba angali anakwenda kazini asubuhi na kurudi jioni.