Habari za Kale za Waikizu

Waikizu hukaa katika nchi ya Bunda, upande wa kuelekea Serengeti. Hapo kale habari zao hazikuandikwa. Zilikaa vifuani mwa wazee, na mzee akifa, alikwenda nazo kaburini.

Katika miaka ya 1995 na 1996 mwanahistoria wa Marekani, Bibi Jan Bender Shetler, alizunguka kati ya Waikizu, Wanata, Waishenyi na jirani zao, akiwauliza wazee habari za koo zao na mahali walipokaa babu zao. Lakini wenyeji wengine walikwisha kumtangulia. P. M. Mturi na S. Sasora walikuwa wameandika kwa Kiswahili historia ya Ikizu na Sizaki. Bibi huyo hakuyafanya maneno yao kuwa yake. Maandiko ya namna hiyo aliyakusanya, yakapigwa chapa mwaka 2003 kwa majina ya walioyaandika. Alifanya vema, maana wageni wangapi wamechukua maneno ya wazee bila kuwataja!

Wazee husimulia habari za Nyakinywa, mwanamke mleta mvua aliyetoka Kanadi, Usukumani. Alimkuta Isamongo, mwenye moto, wakashindana. Nyakinywa akaleta mvua, moto ukazimika. Naye akawa mtemi.

Mahali pengine walipokaa watu wa kale pamo sasa ndani ya hifadhi ya Serengeti, iliyowekwa mwaka 1951. Hapajengwi nyumba tena, bali wazee waliweza kupataja kwa majina, kilima kwa kilima na mto kwa mto.