Kusafisha maji ya gereji kwa matete na bakteria

Maji yanayotoka gereji au sehemu ya kuoshea magari hubeba oili, grisi, dizeli, sabuni na mchanga, na mara nyingi huishia mtaroni, kisha mtoni. Mwenye gereji ya kawaida anaweza kuyasafisha kwa matete na bakteria bila kujifilisi. Lakini wengi wanaojaribu huanzia mwishoni: wanapanda mimea kwenye dimbwi jeusi, mimea inakauka, nao wanasema mbinu yenyewe ni porojo. Matete na bakteria wapewe kazi ya mwisho. Ya kwanza ni ya ndoo, chemba na koleo.

Tazama Nimr, kusini mwa Oman. Huko mafuta hupanda kutoka visimani pamoja na maji mengi ya chumvi, nayo hupelekwa kwenye mashamba ya matete yenye ukubwa wa mamia ya hekta, yanakotiririka kwa mteremko tu. Mradi ulianza ukipangiwa kupokea mita za ujazo 45,000 kwa siku. Hata hivyo, maji hayafiki kwenye matete kabla ya kupita mitambo inayotenganisha mafuta. Matete hupewa mabaki.

Sababu ni hewa. Bakteria wanaokula mafuta, kama wale wa jamii ya Pseudomonas na Acinetobacter, wanahitaji takriban kilo tatu za oksijeni ili kumaliza kilo moja ya mafuta. Maji yenye joto la kwetu hubeba takriban gramu 8 tu za oksijeni katika mita moja ya ujazo, yaani kiasi cha kumalizia mafuta yasiyofika gramu tatu. Oili ikitanda juu, hata hiyo kidogo haiingii tena. Kwa hiyo kila kijiko cha oili unachokikinga mapema kinawapunguzia bakteria kazi ambayo wasingeiweza.

Anzia chini ya gari. Oili chafu imwagwe kwenye beseni, ihamishiwe kwenye dramu lenye mfuniko, na ichukuliwe na wanunuzi wenye kibali. Matone ya sakafuni yanyonywe kwa vumbi la mbao na kufagiliwa, yasisukumwe kwa mpira wa maji. Vyuma vya injini vioshewe kwenye karai, mbali na mtaro.

Kisha jenga chemba tatu zinazofuatana. Ya kwanza ishushe mchanga na tope. Kati ya chemba moja na nyingine weka bomba la kiwiko ambalo mdomo wake umezama chini, ili maji ya chini yapite na mafuta yaliyoelea yabaki. Maji yapate angalau saa moja ya kutulia. Engua mafuta kila siku na uyarudishe kwenye dramu. Sabuni kali ndiyo adui mkubwa hapa: huyavunja mafuta kuwa chembe ndogo zisizoelea, nazo hupita chemba zote tatu. Ipunguze.

Baada ya chemba ndipo lije bwawa la kokoto. Tuseme unatumia lita 1,000 kwa siku na unataka maji yakae humo siku tano. Unahitaji nafasi ya mita 5 za ujazo. Kokoto zikijaa, nafasi inayobaki kati yake ni takriban asilimia 40, hivyo unahitaji mita 12.5 za ujazo za kokoto zilizozama majini. Kwa kina cha maji cha sentimita 60, hilo ni bwawa la karibu mita 21 za mraba: mita 3 kwa 7. Tandika nailoni nzito chini na kingoni ili maji yasizame ardhini, weka kokoto zilizooshwa, na uhakikishe maji yanabaki sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto. Hapo mbu hawapati pa kuzalia.

Panda vipande vya mizizi ya matete vyenye macho, vinne kwa kila mita ya mraba. Wiki za mwanzo vipe maji safi, kisha uchanganye maji ya chemba kidogo kidogo. Usilazimishe, bwawa huhitaji miezi kadhaa kabla ya kufanya kazi sawasawa. Matete hushusha hewa kidogo kupitia mashina yake, na mizizi huwapa bakteria mahali pa kushika. Mara moja kwa wiki shusha mdomo wa bomba la kutokea ili maji yapungue na hewa iingie kati ya kokoto, kisha uupandishe tena.

Na bakteria wenyewe? Usikimbilie kununua wa paketi. Udongo wa gereji uliokuwa ukidondokewa na oili tayari una wale waliozoea kazi hiyo. Koroga koleo moja kwenye ndoo ya maji, acha tope litulie, engua mafuta yanayoelea, mimina maji yake kwenye kokoto. Wanachokosa mara nyingi ni mbolea. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fukwe zilinyunyiziwa mbolea ili kuwachochea bakteria waliokuwapo. Kipimo kinachotumika sana ni naitrojeni 10 na fosforasi 1 kwa kila kaboni 100. Yakibaki mafuta gramu 50 kwa siku, vijiko viwili vya chai vya urea vinatosha naitrojeni, na samadi kidogo hutoa fosforasi. Ukizidisha, mtoni utapeleka uchafu mwingine.

Kama tayari una dimbwi lililochafuka, mimea inaweza kuelea. Wilayani Chakwal, Pakistani, watafiti walifunika zaidi ya mita za mraba 3,000 za dimbwi la maji ya visima vya mafuta kwa majukwaa yanayoelea, wakapanda aina nne za mimea, matete yakiwamo, na kuongeza bakteria wa aina kumi. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2019, mafuta yalipungua kwa asilimia 99. Magugu maji usiyalete hata kama yanaelea yenyewe. Ziwa Victoria limeteseka nayo vya kutosha.

Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote. Bakteria huvunja mafuta, hawavunji risasi wala zinki iliyomo kwenye oili iliyotumika. Madini hayo hubaki kwenye tope na mizizi. Kwa hiyo matete ya humo yasilishwe ng'ombe, tope lisitupwe shambani, na maji yanayotoka yasitumike kumwagilia mchicha wala kunywewa, hata yang'ae namna gani.

Jaza maji ya mwisho kwenye ndoo nyeupe, yalaze usiku. Ukiona utando wa rangi rangi asubuhi, rudi kwenye chemba kabla ya kuyalaumu matete. Na kabla ya kuyaachia mtoni, yapeleke maabara, uchukue na kibali: Tanzania ni bodi ya maji ya bonde, Kenya ni NEMA, mamlaka ya mazingira.