Vigeu Visivyojulikana Idadi: Namna ya Kuviunda na Kuvihifadhi Katika Makro za Excel

Karibu kila anayeanza kuandika makro hukwama mahali pamoja. Ana lahajedwali la michango ya kikundi, wanachama ni 30, naye ametangaza vigeu kimoja kimoja: mchango1, mchango2, mpaka mchango30. Mwezi unaofuata wanajiunga watu sita. Anajiuliza: kwa nini makro yenyewe isijitengenezee mchango31 na wenzake? Anaandika "mchango" & i ndani ya kitanzi, na Excel hailalamiki. Lakini alichopata ni maandishi tu yanayosomeka mchango31. Kigeu hakijazaliwa.

Tulimalize hilo mapema: VBA, lugha ya makro za Excel, haina amri ya kuunda kigeu kipya chenye jina jipya wakati makro inaendelea kukimbia. Majina yote hupangwa kabla mstari wa kwanza haujatekelezwa. Unaloweza kufanya, na ndilo unalolihitaji hasa, ni kutangaza kigeu kimoja chenye uwezo wa kubeba thamani nyingi, kila moja ikiwa na alama yake ya kuitambulisha. Muuza duka hanunui daftari jipya kila anapopata mteja wa mkopo. Hufungua ukurasa, akaandika jina juu, basi.

Andika pia Option Explicit juu kabisa ya moduli. Bila hiyo, ukikosea herufi moja ukaandika mchago badala ya mchango, VBA itakichukulia kama kigeu kingine kitupu, na jumla zako zitapungua bila onyo lolote.

Njia ya kwanza ni arei, yaani orodha ya thamani zinazotambulishwa kwa namba za nafasi. Huanza bila ukubwa, kisha ReDim huipa nafasi kadiri ya mistari iliyopo. Ukitaka kuiongeza bila kupoteza yaliyomo unatumia ReDim Preserve, ila kwa arei yenye pande mbili, Preserve hukubali kubadilisha ukomo wa upande wa mwisho tu. Ukijaribu kuongeza upande wa kwanza, utapata kosa namba 9. Dawa yake ni kuhesabu mistari kwanza, kisha kupima arei mara moja. Namba ya mstari itangaze kuwa Long, si Integer: Integer huishia 32,767, ilhali lahakazi ya Excel tangu toleo la 2007 ina mistari 1,048,576.

Arei inafaa ikiwa namba ya nafasi inatosha. Katika michango haitoshi, kwa sababu swali la mweka hazina halihusu mtu wa 17. Anataka kujua mwenye namba hii ya simu amelipa kiasi gani mpaka leo. Hapo kinachofaa ni Dictionary, hifadhi ambamo kila thamani ina ufunguo wake. Ufunguo usipokuwepo, huundwa papo hapo. Huko ndiko kuunda vigeu makro ikiwa inakimbia, kwa namna VBA inavyoruhusu.

Hii hapa makro kamili. Inasoma lahakazi iitwayo Michango, namba za simu zikiwa safu ya kwanza na kiasi safu ya pili, kisha inaandika jumla za kila mtu katika lahakazi nyingine iitwayo Jumla, ambayo uwe umeshaiunda.

Option Explicit

Sub JumlishaMichango()
    Dim jumla As Object, wsM As Worksheet, wsJ As Worksheet
    Dim i As Long, mwisho As Long, simu As String, k As Variant
    Set wsM = ThisWorkbook.Worksheets("Michango")
    Set wsJ = ThisWorkbook.Worksheets("Jumla")
    Set jumla = CreateObject("Scripting.Dictionary")
    mwisho = wsM.Cells(wsM.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row
    For i = 2 To mwisho
        simu = Replace(CStr(wsM.Cells(i, 1).Value), " ", "")
        simu = Right(simu, 9)
        If simu <> "" Then
            jumla(simu) = jumla(simu) + CDbl(wsM.Cells(i, 2).Value)
        End If
    Next i
    wsJ.Cells.ClearContents
    wsJ.Columns(1).NumberFormat = "@"
    i = 2
    For Each k In jumla.Keys
        wsJ.Cells(i, 1).Value = "0" & k
        wsJ.Cells(i, 2).Value = jumla(k)
        i = i + 1
    Next k
End Sub

Moyo wa makro ni mstari wenye jumla(simu). Simu ikionekana mara ya kwanza, ufunguo wake unaundwa ukiwa mtupu, na utupu ukijumlishwa na kiasi hutoa kiasi chenyewe. Ikionekana tena, inaongezewa. Wakiwa 30 au 3,000, msimbo haubadiliki hata herufi.

Kwa nini tarakimu tisa za mwisho? Kwa sababu Excel ikikutana na namba inayoanza na sifuri huihesabu kuwa namba ya kawaida na kuifuta hiyo sifuri. Mwingine ameandika kwa 255, mwingine kwa +255, mwingine ameacha nafasi katikati. Bila kuzisawazisha, mwanachama mmoja atafunguliwa akaunti tatu, na siku ya kugawana faida kutakuwa na maneno. Tarakimu tisa za mwisho ni zile zile kwa namba za Tanzania, kwa namna yoyote iliyoandikwa. Hata kwa Kenya na Uganda mbinu hii inafanya kazi, mradi kikundi chote kiwe cha nchi moja. Usifikirie kuihifadhi simu kama Long: ukomo wake ni 2,147,483,647, na namba inayoanza na 255 yenye tarakimu kumi na mbili inaupita mbali. Shilingi nazo ziangalie kwa jicho hilo hilo. SACCOS yenye amana za bilioni tatu haitoshei kwenye Long.

CDbl nayo haikuwekwa kwa urembo. Kama visanduku vya kiasi vimehifadhiwa kama maandishi, jambo la kawaida kwa taarifa zilizonakiliwa kutoka kwenye mifumo mingine, alama ya kujumlisha katika VBA huunganisha maandishi badala ya kuyajumlisha. Mtu aliyelipa 5000 mara mbili ataonekana amelipa 50005000. CDbl huyageuza kuwa namba kwanza, na ikikutana na kitu kama 5,000/= makro inasimama kwa kosa namba 13. Afadhali isimame kuliko kukupa jumla ya uongo.

Mtego mwingine wa Dictionary: kusoma tu ufunguo usiokuwepo kunauunda. Ukiandika If jumla(simu) = 0 kwa nia ya kuuliza kama mtu yupo, tayari umemwandikisha. Kuuliza hufanywa kwa jumla.Exists(simu). Na kama funguo zako ni majina ya watu badala ya simu, weka jumla.CompareMode = vbTextCompare kabla ya kuingiza chochote, la sivyo Asha na ASHA watakuwa watu wawili.

Dictionary hii haipatikani katika Excel ya Mac. Huko kuna Collection, ambayo imo ndani ya VBA yenyewe, ila ni dhaifu: haina Exists, haikuorodheshei funguo, na thamani iliyokwisha kuwekwa haibadilishwi bila kuiondoa kwanza. Ukirudia ufunguo unapewa kosa namba 457.

Sasa kuhifadhi. Vyote hivi hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu. Kigeu kilichotangazwa ndani ya Sub hufa Sub inapoisha. Kilichotangazwa juu ya moduli huishi zaidi, lakini nacho hupotea ukifunga faili, au makro ikipata kosa nawe ukabonyeza End. Thamani yoyote inayotakiwa kesho lazima iandikwe mahali, na mimi napendelea mahali panapoonekana: lahakazi. Ukitaka watu wasiichezee, ipe Visible = xlSheetVeryHidden, nayo haitaonekana hata kwenye orodha ya kufichua lahakazi. Huo si ulinzi, maana yeyote anayefungua dirisha la VBA ataiona. Usiweke nywila humo.

Kwa thamani moja moja, kama kiwango cha mchango au tarehe ya hesabu ya mwisho, jina lililofichwa ndani ya faili linatosha: ThisWorkbook.Names.Add Name:="kiwango", RefersTo:="=5000", Visible:=False. Kuna pia SaveSetting na GetSetting, zinazoandika kwenye rejesta ya Windows ya mtumiaji. Hizo hazisafiri na faili. Ukimtumia katibu nakala, atakuta patupu.

Faili lihifadhiwe kama .xlsm, kwa kuwa .xlsx huondoa makro zote. Na tangu 2022 Microsoft imekuwa ikizuia makro katika mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, hivyo anayelipokea kwa barua pepe huenda akalazimika kuliruhusu kwanza kupitia Properties za faili hilo. Afanye hivyo tu kama anamjua aliyelituma.

Majaribio yote yafanyie kwenye nakala, si kwenye faili halisi la kikundi. Mabadiliko yaliyofanywa na makro kwenye lahakazi hayarudishwi kwa Ctrl+Z.